Baraza la Walio Mbali

Kidawa binti Ameir hakuwa mtu wa safari. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa karani wa mihtasari katika halmashauri ya mji wake. Wakubwa wakiketi kwenye vikao, yeye alikaa pembeni akaandika nani kasema nini, kisha akarudi ofisini kuchapa. Walimpenda kwa mambo mawili: kazi yake ilikuwa safi, na hakuwa na maoni. Alipopewa likizo ya miezi sita, ya kwanza ndefu tangu aajiriwe, alikaa siku mbili ndani akikunja na kukunjua nguo, siku ya tatu akafunga sanduku akaondoka. Njiani hakukuwa na la kusimulia. Yaliyomkuta alikofika ndiyo yanayosimuliwa hapa, kama yeye mwenyewe alivyomsimulia wifi yake, bila kuongeza chumvi.

Nchi aliyofika inaitwa Mbalini. Pale mpakani hakuulizwa cheti wala hakufunguliwa sanduku. Ofisa alimuuliza jambo moja tu: kwao ni umbali gani kutoka hapo? Kidawa akasema ni mwendo wa siku ishirini na mbili. Yule ofisa, aliyekuwa amekaa, akasimama. Akavua kofia. Akaandika kadi ngumu ya rangi ya samli, "Uzito wa neno: siku ishirini na mbili," akamvisha shingoni kwa mikono yake miwili kama anayemvisha mtu nishani.

Ilimchukua siku kadhaa kuelewa. Katika nchi ya Mbalini neno la mtu hupimwa kwa umbali. Anayeishi mbali na jambo hana maslahi nalo, kwa hiyo ni mkweli, na kadiri anavyozidi kuwa mbali ndivyo neno lake linavyozidi uzito. Anayeishi karibu na jambo huitwa mguswa, na neno la mguswa uzito wake ni sifuri. Kidawa alihudhuria kesi ya mtu aliyevunjwa mguu na mkokoteni. Mwenyewe hakuruhusiwa kutoa ushahidi, kwa sababu alikuwa karibu mno na huo mguu. Aliitwa bwana mmoja kutoka mkoa wa mwisho wa nchi, akasema anavyodhani yeye mguu ule haukuuma sana, na hukumu ikatolewa. Hospitalini nako wagonjwa hawakuulizwa wanaumwa wapi. Iliandikwa barua kwa mtu mwenye afya njema kule nyanda za juu, na majibu yalipokuja, mgonjwa alikuwa amekwisha kupona mwenyewe, au amekwisha kuzikwa.

Ni lazima isemwe kwamba mwanzoni Kidawa hakuona ubaya. Aliona nchi yenye nidhamu, mikutano isiyo na kelele, na mihtasari inayochapika bila tabu.

Wiki ya tatu alifika mahali panapoitwa Ukingoni, kitongoji cha nyumba mia nne kando ya ziwa kubwa. Kwenye ukuta wa kisima palikuwa na notisi iliyobandikwa kama wiki mbili nyuma. Akaisoma kwa mazoea ya kazi yake, neno kwa neno:

"Inatangazwa kwamba ufuko wa Ukingoni utabadilishwa matumizi, kutoka makazi kwenda viwanda vya ngozi. Mwenye pingamizi, ambaye si mkazi wa eneo hili wala hajaguswa nalo, afike mbele ya Baraza la Walio Mbali, mjini Kileleni. Notisi hii itakufa ikipita siku tisini bila uamuzi."

"Umeisoma yote?" sauti ikauliza nyuma yake.

Aligeuka akamwona mwanamke wa makamo, mikono yake imejaa udongo hadi kwenye viwiko. Alikuwa mfinyanzi, jina lake Mashavu. Hakumtazama Kidawa usoni. Alikuwa anatazama ile kadi shingoni.

"Siku ishirini na mbili," alisema polepole. Kisha akageuka akapaza sauti kuelekea kwenye nyumba: "Mwalimu! Mwalimu Hiyari! Hebu njoo!"

Mwalimu Hiyari alikuwa mzee mfupi aliyefundisha watoto wa Ukingoni kusoma kwa miaka mingi, na ndiye aliyewasomea sheria. Alikuja mbio kiatu kimoja mguuni. Alipoiona kadi alishika kifua.

"Mama," alisema, "shikamoo yetu ipokee kwa mbali, usije ukasogea. Tumepeleka watu sita Kileleni. Wote wamerudishwa mlangoni, maana ni wa hapa. Mtu wa mbali kuliko wote tuliyempata alikuwa binamu yangu wa ng'ambo ya kilima, na neno lake lilipimwa likawa nusu siku. Wewe ukisema, hakuna wa kukuzidi katika nchi hii ila mwekezaji mwenyewe wa hivyo viwanda."

"Mimi ni karani," Kidawa akajibu. "Mimi huandika ya wengine. Sijawahi kusimama mbele za watu nikasema langu."

"Hatukuombi utunge," Mashavu akasema. "Tazama tu. Halafu useme ulichokiona. Siku kumi na mbili zimebaki kikao kiketi."

Hakuwa na sababu ya kukataa, wala hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Akakubali.

Hapo ndipo Mwalimu alipomweleza masharti. Mgeni hubaki mgeni iwapo hajalala katika nyumba yao, hajala wala kunywa chao, na hajui jina la mtoto wao yeyote. Akifanya moja kati ya hayo amekwisha kuguswa, na kadi yake haina maana tena. Siku ya kikao Mpima Mkuu atamuuliza moja baada ya jingine.

Basi zikaanza siku za ajabu. Kidawa alilala kwenye nyumba ya wasafiri juu ya kilima, kila asubuhi akashuka mwendo wa saa nzima na mkate wake na chupa yake ya maji. Watu wa Ukingoni ni watu wa ukarimu mpaka unakera, kwao mgeni kuondoka bila kula ni msiba. Sasa ilibidi wamzoee mgeni anayekaa uani kwa Mashavu mchana kutwa na mkate mkavu mapajani, huku wali wa nazi unanukia hatua tano kutoka alipo. Wanawake walikula wakiwa wamempa mgongo, kwa aibu. Watoto walikatazwa kutajana. Walipocheza waliitana "wewe" na "yule", na mama zao wakitaka kuwaita, walipiga makofi. Siku moja mtoto wa kike wa miaka minne alikuja akasimama mbele ya Kidawa, akajinyooshea kidole kifuani, akafungua mdomo. Mama yake alimrukia akamziba kinywa kwa kiganja. Mtoto akalia. Mama naye akalia, akaondoka naye.

Kidawa aliandika yote aliyoyaona. Aliandika mahali wanawake wanapofulia, na miamba iliyolainishwa kwa miaka ya kusugua. Aliandika tanuri kumi na nne za kuchomea vyungu na shimo la udongo mwekundu pembeni ya maji, ambalo ndilo lililowalisha watu hawa tangu babu za babu zao. Aliandika makaburi. Siku moja alichukua ramani ya notisi akapima kwa miguu yake. Kutoka ukuta wa nyumba ya Mashavu mpaka yatakapochimbwa mashimo ya kuloweka ngozi kwa dawa zilikuwa hatua thelathini na moja. Akarudia kuhesabu, akidhani amekosea.

Ndani ya nyumba ile aliishi pia mama yake Mashavu, Bibi Mwanamvua, mzee ambaye akili yake ilikuwa inakuja na kuondoka. Yeye hakuna aliyeweza kumfundisha masharti. Alipomwona Kidawa siku ya kwanza alifurahi sana, akamwita Tamasha. Tamasha alikuwa binti yake wa kwanza, aliyeolewa mbali miaka mingi iliyopita na hakurudi tena. Kila siku Bibi alitoka ndani na kikombe cha udongo kimejaa maji, akakipeleka kwa mikono yote miwili, taratibu, asimwage. Na kila siku Mashavu alimwahi njiani.

"Mama, huyu haruhusiwi."

"Haruhusiwi maji? Nani kamkataza?"

"Sheria, mama."

Bibi alisimama akafikiri. Kisha akarudi ndani na kikombe chake, na kesho yake akaja tena.

Siku ya kumi jua lilikuwa kali. Mashavu alikuwa kwenye tanuri, na uani hapakuwa na mtu. Bibi akaja na kikombe, akafika mpaka alipokaa Kidawa bila kuzuiwa. Kidawa alitikisa kichwa kama alivyozoea. Bibi hakurudi. Alijishusha akaketi mchangani mbele yake, pumzi zinampanda.

"Tamasha, nimekukosea nini?" aliuliza. "Nilipokuozesha ulisema hutaki, mimi nikakulazimisha. Najua. Lakini umekuja, unakaa uani kwangu kama askari, na maji yangu hutaki. Niambie nikuombe radhi vipi. Mimi sina siku nyingi."

Alimnyooshea kikombe kwa mikono yote miwili, maji yanamwagikia khanga. Kidawa alitazama ile mikono. Alisema baadaye kwamba hakuwaza kitu chochote, wala sheria wala notisi wala nyumba mia nne. Alikipokea kikombe akanywa yote mpaka tone la mwisho. Yalikuwa maji baridi, na ndani yake kulikuwa na ladha ya udongo kwa mbali sana, mfano wa harufu ya mvua inapoanza kugusa vumbi.

"Nimekunywa, mama," alisema.

Bibi Mwanamvua akamfuta mdomo kwa ncha ya khanga, akainuka, akaenda zake amenyooka.

Kidawa alipoinua macho alimwona Mashavu amesimama kwenye kona ya nyumba, kuni mkononi. Walitazamana.

"Hakuna aliyeona," Mashavu akasema.

"Wewe umeona."

"Mimi ni mguswa. Nilichokiona mimi hakipo kisheria." Akaweka kuni chini, akaja karibu kuliko alivyowahi kuja. "Dada, nisikilize. Nyumba mia nne kwa kikombe kimoja cha maji. Akikuuliza, sema hapana. Ni neno moja. Dhambi yake nitaibeba mimi, niandikie mimi."

Kidawa akaokota daftari lake, akaanza kupanda kilima.

Ukumbi wa Baraza mjini Kileleni umejengwa juu kabisa, na upande unaoelekea ziwani hauna dirisha hata moja. Wajumbe ni tisa. Katika kuwatambulisha, karani hakutaja elimu zao wala kazi walizofanya, alitaja wasiyoyajua. Mjumbe wa pili hajawahi kukanyaga ufuko. Mjumbe wa tano hajawahi kuona ngozi ikilowekwa. Mwenyekiti, mzee mwenye ndevu nyeupe zilizochanwa vizuri, hajawahi kushuka chini ya ngazi za ukumbi ule tangu ateuliwe, na alipotajwa hivyo watu walipiga makofi ya heshima. Waguswa, ambao siku ya kikao huruhusiwa kuingia bila kusema, walipewa mabenchi ya nyuma. Waliketi wamegeukia ukuta, kama sheria inavyotaka, ili nyuso zao zisiwasumbue wajumbe.

Alianza mwakilishi wa mwekezaji, kijana nadhifu mwenye kadi ya siku ishirini na tano. Alisema ngozi inahitajika duniani. Alisema ajira. Alisema eneo lenyewe ni tupu.

"Umelitembelea?" Mwenyekiti akamuuliza.

"Mungu aniepushe, Mheshimiwa," alijibu, na wajumbe wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Alikunywa maji, akaketi.

Kisha akasimama Mpima Mkuu, Bwana Lukali. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye utepe wa kupimia umening'inia shingoni kama fundi cherehani. Mwalimu Hiyari alikuwa amekwisha kumwambia Kidawa habari zake: hahongeki, hapendelei, na hajawahi kuacha kitu bila kukipima. Watu wa Ukingoni walimwogopa kuliko wajumbe wote tisa.

"Mama, umelala katika nyumba yoyote ya Ukingoni?"

"Hapana."

"Unalijua jina la mtoto yeyote wa Ukingoni?"

"Hapana." Na ilikuwa kweli. Ilimchoma kwamba ilikuwa kweli.

"Umekula au umekunywa kilicho chao?"

Kidawa alijua kwamba neno moja dogo lingetosha. Miaka ishirini na saba alikuwa ameandika viapo vya watu, na alijua vingapi kati ya hivyo vilikuwa vya uongo, na dunia haikuanguka. Alilifikisha neno "hapana" mpaka kwenye ulimi. Lakini alimwona yule mama amekaa mchangani na kikombe chake. Mara tisa kikombe kile kilirudishwa. Kusema hapa kwamba hakunywa ilikuwa ni kukirudisha mara ya kumi, mbele ya watu, na mwenyewe hayupo.

"Nilikunywa," alisema. "Kikombe kimoja. Alinipa Bibi Mwanamvua, na yalikuwa maji mazuri."

Nyuma yake pumzi za watu zilishuka kwa pamoja. Bwana Lukali alimtazama kwa muda, na Kidawa akadhani ameona kitu kama huzuni machoni mwake. Kisha Mpima akamvua kadi, akaandika sifuri, akamwonyesha mabenchi ya nyuma.

Ile safari ya hatua ishirini kutoka mezani mpaka kwenye mabenchi, Kidawa alisema, ilikuwa ndefu kuliko siku zote ishirini na mbili. Mwalimu Hiyari alikuwa amefumba macho. Mwanamke mmoja alikuwa analia bila sauti. Kidawa alisimama asijue pa kukaa. Mashavu akasogea bila kumtazama, akamwachia nafasi ubavuni pake. Akaketi, akageukia ukuta kama wenzake.

"Nisamehe," alinong'ona.

"Nyamaza kwanza," Mashavu akasema. "Sijui kama nimekasirika. Nitajua baadaye."

Mbele Mwenyekiti alikuwa anaanza kukusanya kura. Mtumishi wa ukumbi akapita na jagi, maana kikao kilikuwa kirefu na hata waguswa hupewa maji. Mashavu akapokea gilasi, akanywa funda moja, akasita. Akanywa tena kidogo, akayazungusha mdomoni, kama anavyofanya na maji ya kukandia udongo kila siku ya maisha yake.

"Haya ni maji ya kwetu," alisema.

Hakusema kwa nguvu. Lakini ukuta aliokuwa ameuelekea uliirudisha sauti yake ukumbini kote.

"Nani kasema?" Mwenyekiti akauliza.

"Hakuna, Mheshimiwa," karani wa Baraza akajibu bila kuinua kichwa. "Ni waguswa."

"Tuendelee."

Na wangeendelea, ila Bwana Lukali alikuwa bado amesimama. Alikuwa anamtazama yule mtumishi na jagi lake. Akaenda mpaka alipo.

"Maji haya umeyachota wapi?"

"Bombani, mzee."

"Na bomba linatoka wapi?"

"Linapanda kutoka ziwani, mzee. Mdomo wake uko kwenye ghuba ya Ukingoni. Mji mzima tunakunywa hayo hayo, hakuna mengine."

Kwenye mabenchi watu walitazamana. Bomba walilijua, limezikwa pale tangu enzi za wazee wao. Walidhani linapeleka maji mashambani. Hakuna aliyewahi kuja kuwauliza, nao hawakuwahi kuuliza.

Bwana Lukali alirudi mbele ya meza kuu. Juu yake palikuwa na gilasi tisa, kila moja imepungua.

"Waheshimiwa," alisema, kwa sauti ile ile aliyomuulizia Kidawa, "mmekunywa?"

"Swali hilo haliwahusu wajumbe," Mwenyekiti akasema.

"Linamhusu kila mwenye neno katika jambo hili, Mheshimiwa. Mimi sikuitunga sheria. Nauliza: mmekunywa kilicho chao?"

Mjumbe wa tano alisukuma gilasi yake kwa kidole, taratibu, mpaka ikawa mbele ya mjumbe wa nne. Wa nne akairudisha. Bwana Lukali hakungoja jibu. Alizunguka meza, akakaribia kila kiti, akaandika sifuri tisa. Akaenda kwa mwakilishi wa mwekezaji, ambaye gilasi yake ilikuwa tupu kabisa, akaandika ya kumi. Kisha akasimama katikati ya ukumbi, akawaza kidogo, akavua ule utepe shingoni mwake akauweka mezani.

"Nami pia," alisema. "Miaka arobaini."

Kikao kilivunjika bila uamuzi, kwa kuwa hapakuwa na mtu hata mmoja ndani mwenye haki ya kuamua.

Msomaji asidhani kwamba Baraza liliona aibu. Haikupita juma wakaleta pendekezo la kurekebisha sheria, kwamba maji yakisafiri ndani ya bomba zaidi ya nusu siku yahesabiwe kuwa hayatoki popote. Lakini sheria mpya ilitaka kuthibitishwa na watu wasioguswa, na mjini Kileleni hakupatikana hata mmoja asiyekunywa maji. Barua zikapelekwa nje ya nchi kuwatafuta. Na siku tisini zilikuwa zinahesabika.

Katika siku hizo ndipo watu wa Kileleni walipoanza kushuka. Wa kwanza alikuwa mama mmoja mchoma mikate. Alikuja peke yake, akasimama ufukoni na viatu mkononi, akauliza yatachimbwa wapi hayo mashimo. Kidawa alimwonyesha. Yule mama akahesabu hatua mwenyewe, akafika thelathini na moja, akatazama maji, akatazama kilima alikotoka. Kesho yake alirudi na majirani saba. Baada ya hapo hapakupita siku bila watu. Walipikiwa wakala. Walilala kwenye mikeka ya watu wasiowajua. Watoto wa Ukingoni, walioachiwa sasa, walikuwa wanawakimbilia wageni njiani wakijitaja majina kwa kelele, mpaka wakubwa wakawaomba wapumzike.

Kidawa alihamia nyumbani kwa Mashavu. Siku ya sitini na nne Bibi Mwanamvua alifariki, asubuhi, usingizini. Wanawake walipokwenda kuosha maiti, Mashavu alitoka nje akamtafuta Kidawa kati ya waliokaa.

"Tamasha hayupo," alisema. "Njoo wewe."

Siku ya tisini Bwana Lukali alishuka kutoka Kileleni kwa miguu, akaibandua notisi kwa kisu kidogo, akaikunja. Hapakuwa na ngoma wala vigelegele. Watu walisimama wakamtazama. Mwalimu Hiyari alisema mwekezaji atarudi na notisi nyingine, na kila mtu alijua ni kweli. Mashavu alikwenda kuwasha tanuri, kwa sababu vyungu vilikuwa vimekauka tayari na visingeweza kungoja.

Kidawa alirejea kwao likizo ilipokwisha. Asubuhi ya kwanza ofisini alikuta faili juu ya meza yake, na barua ya mkubwa wake imebanwa juu, ikitaka achape nakala safi kabla ya saa sita. Ulikuwa muhtasari wa kikao juu ya kubadilisha matumizi ya ufuko wa Mtaa wa Mikokoni, kutoka makazi kwenda maghala ya kemikali. Akatia karatasi kwenye mashine. Vidole vilianza kazi vyenyewe, maana sentensi ya kwanza alikuwa amekwisha kuichapa mara zisizo na idadi, kwa mitaa mingine, katika miaka mingine: Wakazi walishirikishwa na hakukuwa na pingamizi lolote.

Alichapa neno "Wakazi". Akaacha.

Akainuka akaenda mlangoni kwa mkubwa wake. "Mzee, nani alikwenda?"

"Kwenda wapi?"

"Mikokoni."

Mkubwa wake alivua miwani, akamtazama kama mtu aliyesikia kabati likisema. "Kidawa, tangu lini wewe unauliza?"

Kidawa alirudi mezani, akachukua daftari jipya na kalamu mbili, akamuuliza mlinzi wa getini njia ya kwenda Mikokoni. Mlinzi akacheka, akamwonyesha kwa kidevu: nyuma ya jengo hilo hilo, ukivuka mfereji. Ilikuwa mwendo wa dakika nane. Kwenye nyumba ya kwanza alimkuta mwanamke anakwangua magamba ya samaki mlangoni. Kidawa akamsalimu, akavuta ndoo iliyopinduliwa akaikalia, akafungua daftari, akamwomba aeleze tangu mwanzo, polepole.